Wingu Lililokatizwa Uwanjani Kabambare

Siku ya kuniaga walisimama mmoja baada ya mwingine wakasema mimi ni mtu wa subira. Ni uongo mtupu. Niliusikiliza kwa sababu wali ulikuwa haujaiva, na aliyekalishwa mbele hana pa kutokea. Prefe wetu wa sasa, yaani mkuu wa shule, kijana mwema ambaye hanijui vizuri, alisema nimefundisha fizikia Kasongo na Kabambare miaka yote hiyo bila kugombana na mtu. Nikamtazama tu. Nimegombana na watu wengi, na mmoja wao bado nagombana naye ingawa alishafariki na mimi mwenyewe nilikwenda kumzika.

Ninyi walimu vijana mnaobaki na chaki mliniomba niandike jinsi kazi ilivyokuwa. Hamkusema niandike kwa upole, kwa hiyo msitafute upole humu. Vyeo siviandiki, na mshahara ninyi wenyewe mnaujua. Nitaandika juu ya somo moja ambalo sikulimaliza. Lilihusu mawingu ya gesi yaliyo angani na namna tunavyojua kwamba nyota inazaliwa ndani yake. Kwa ajili ya somo hilo msichana mmoja alifukuzwa shule, wiki chache kabla ya mtihani wa serikali, na hakuwa na kosa lolote.

Nilianza Kasongo, mjini kwetu, nikiwa na suruali moja ya heshima na mori wa mtu ambaye hajawahi kuingia darasani. Asubuhi ya kwanza nilikabidhiwa ufunguo wa kabati la fizikia kama vile nakabidhiwa mji. Nikafungua. Ndani mlikuwa na sumaku moja, kioo cha pembe tatu kilichopasuka, uma wa kupima sauti, na nyigu. Nyigu ndio waliokuwa wazima kuliko vifaa vyote, na mmoja aliniuma shavu, nikaingia darasani nimevimba upande mmoja. Wanafunzi hawakucheka. Walidhani ndiyo sura yangu.

Aliyenifundisha kazi hii ni Mwalimu Sefu, mzee wa fizikia aliyenitangulia pale. Alikuwa mfupi, mkali, na hakupenda ubao. Siku nilipojaza ubao mzima maneno juu ya mawimbi ya sauti, aliingia, akayasoma yote, akachukua kitambaa akafuta mbele ya darasa langu. Nilitaka kumrukia. Akanikalisha barazani, mgongo wangu umeelekea barabara, akaniambia nisigeuke. Pikipiki ikatokea upande wa soko. Akaniuliza inakuja au inakwenda. Nikasema inakuja. Ikapita, akauliza tena, nikasema sasa inakwenda. Akaniuliza nimejuaje na sina macho kisogoni. Nikafikiri kidogo, nikasema ilipokuwa inakuja sauti ilikuwa juu, ilipopita ikashuka.

"Basi wafundishe ile," akasema. "Mutoto akiandika kitu hajakisikia, anakuandikia wewe, hajiandikii yeye."

Maneno hayo nimeyabeba miaka yote, na ndiyo yaliyoniingiza matatani. Sijutii hata kidogo.

Habari za mawingu nilizipata Kisangani, kwenye mafunzo ya walimu wakati wa likizo. Mhadhiri aliyetufundisha alikuwa na sauti ndogo na wengi walisinzia, lakini mimi nilikaa mbele. Alituambia tukitazama ule mkanda mweupe wa nyota unaopita angani tutaona mabaka meusi ndani yake, na kwamba watu wengi wanadhani ni matundu tu. Si matundu. Ni mawingu makubwa mno ya gesi na vumbi, baridi kuliko kitu chochote tulichowahi kugusa, na vumbi lake limeziba mwanga wa nyota zilizo nyuma. Humo ndimo nyota zinamozaliwa. Gesi inajivuta yenyewe kwa uzito wake, inaingia ndani, inabanana, inapata moto, mpaka siku moja inawaka. Lakini huwezi kuona kwa jicho, kwa sababu vumbi limefunga mlango.

Nilimuuliza basi wanajuaje. Akasema wanasikiliza. Katika hayo mawingu kuna kiasi kidogo cha gesi ile ile inayotoka kwenye mbabula ya makala, yaani jiko la mkaa, ile inayoua watu wanaolala na moto ndani wakiwa wamefunga dirisha. Gesi hiyo inatoa mawimbi ya redio, kila mara kwa kipimo kile kile kisichobadilika, na mawimbi ya redio yanapita kwenye vumbi bila shida. Gesi ikija kwetu, kipimo kinapanda kidogo. Ikituacha, kinashuka. Ni pikipiki ya Mwalimu Sefu, lakini iko mbinguni. Nilirudi Kasongo nimekaa juu ya magunia ya chumvi, na njia nzima nilikuwa nacheka peke yangu.

Mwalimu Sefu alikuwa amestaafu niliporudi. Nilimweleza yote. Alinisikiliza, akanywa chai yake, akasema kwamba miaka yote alikuwa anafundisha nyota bila kujua, na serikali haikumlipa kwa hilo. Alikufa kabla sijapata nafasi ya kumwonyesha somo lenyewe.

Nikahamishiwa Kabambare. Mnaojua ile barabara hamhitaji kuelezwa, na msioijua mtaijua zamu yenu ikifika. Shule ilikuwa na darasa la sita la sayansi, lile la mwisho la sekondari, wanafunzi wachache, wengi wao watoto wa wakulima wa mpunga na muhogo. Wavulana walikuwa wanapungua kila muhula. Ungemwita mmoja asubuhi, ukaambiwa amekwenda Salamabila kuchimba dhahabu. Aliyebaki na akili yote darasani alikuwa msichana, Mwavita, binti wa Mzee Saidi wa kijiji cha Wamaza. Baba yake alikuwa amempangishia chumba kwa jamaa zake pale Kabambare ili asome amalize. Alikuwa anataka diploma ya serikali, kisha Kisangani, kisha fizikia. Hakuwa ananibembeleza wala kunisifu. Alikuwa anauliza maswali kama mtu anayedai chake.

Nilipofundisha mawingu kwa mara ya kwanza pale, nilichora duara ubaoni, nikachora mishale yote inaelekea katikati. Nikasema gesi inaingia, hivi ndivyo nyota inavyoanza. Mwavita akainua mkono. Alisema sisi tuko mbali, tumesimama upande mmoja wa wingu. Kama gesi yote inaingia katikati, ile ya nyuma inakuja kwetu, na ile ya mbele inatuacha inakwenda katikati. Nikasema ndivyo. Akasema basi tutasikia inayokuja na tutasikia inayokwenda. Nikasema ndivyo. Akasema, lakini kama wingu linapasuka na gesi yote inatoka nje, ile ya mbele ndiyo itakuja kwetu na ya nyuma ndiyo itatuacha. Tutasikia pia inayokuja na inayokwenda.

"Sasa, Mwalimu, tunajua namna gani kama linaingia ao linapasuka?"

Darasa zima lilinigeukia. Niwaambie kweli, nilifurahi. Watu wenye vyuma vikubwa vya kusikiliza anga waliumiza kichwa kwa swali hilo, na hapa linaulizwa na msichana wa Wamaza aliyekaa kwenye benchi lisilo na mguu. Jibu nilikuwa nalo. Lakini nikakumbuka kitambaa cha Mwalimu Sefu. Nikamwambia jibu halitoki ubaoni, tutalisikia kwanza uwanjani, halafu tutakaa chini ya kivuli cha shule nilieleze mpaka liishe.

Mpango ulikuwa huu. Niliongea na madereva wa pikipiki wa pale, vijana ambao wengine wao nilikuwa nimewafundisha, wakakubali kuja na pikipiki zao kwenye uwanja wa mpira. Wangejipanga kuzunguka uwanja mzima. Darasa lingesimama mbali, nje ya uwanja, macho yamefumbwa. Mwavita angepiga filimbi, na pikipiki zote zingekimbilia katikati, kila dereva amebana honi bila kuachia. Hiyo ni mara ya kwanza, wingu linaingia. Filimbi ya pili, zote zinatoka katikati kwenda nje. Hilo ni wingu linalopasuka. Kisha tungekaa, tungelinganisha tulichosikia, na ningewapa jibu.

Hapa lazima niseme jambo ambalo mtu wa Kabambare halihitaji kuambiwa. Pale honi isiyokatika ina maana yake. Miaka ile watu wenye silaha walikuwa wanatokea msituni wakati wowote, na simu hazikuwa zinafika kila kijiji. Dereva akiwaona njiani, aligeuza pikipiki, akaingia mjini amebana honi bila kuachia kidole. Ukisikia honi fupi fupi, huyo anauza samaki. Ukisikia honi isiyokatika, unachukua mtoto, unachukua godoro, unakwenda porini, na huulizi mtu. Hakuna aliyeandika sheria hiyo mahali popote, lakini hata mtoto wa miaka mitano aliijua.

Na mimi niliijua. Nimekaa Kabambare muda mrefu, nimelala porini na wenzangu. Ndiyo maana nilikwenda ofisini kwa prefe, mkuu wa shule yetu wa wakati huo, nikamweleza kila kitu. Nilimwambia siku, nilimwambia saa, nilimwambia honi. Nikamwomba awatangazie watu wa mitaa yote, msikitini siku ya Ijumaa na kanisani Jumapili, na kwa chifu. Yeye ndiye alikuwa na sauti ya kufanya hivyo, mimi ni mwalimu tu. Mwavita alikuwa amesimama mlangoni na filimbi shingoni, alisikia yote. Prefe alisema, "Wazo zuri sana, Mwalimu, hilo niachie mimi." Nikamwachia.

Siku ikafika. Asubuhi nilimkuta uani nikamuuliza kama watu wameambiwa. Akasema wote. Alisema hivyo akiwa anajifunga kamba ya kiatu, hakuinua hata kichwa.

Mwavita akapiga filimbi. Pikipiki zikaruka zote pamoja, honi zimebanwa, vumbi likapanda, na darasa langu limesimama limefumba macho, linatabasamu. Nami nilifumba. Nilizisikia vizuri kabisa, za ng'ambo sauti iko juu zinakuja, za upande wetu sauti imeshuka zinatuacha, na zote zinakutana katikati. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Niliendelea kufumba macho kidogo zaidi ya ilivyohitajika kwa sababu ya raha.

Nilipofumbua, mji ulikuwa unakimbia.

Walikuwa wanatoka nyumbani, wanatoka sokoni, akina mama wamefunga watoto mgongoni vibaya, wazee wanaburutwa, mbuzi wanakanyagwa. Sufuria za sombe, mboga ya majani ya muhogo, zimeachwa motoni. Nilikimbia barabarani nikipiga kelele kwamba ni somo, ni masomo tu, rudini. Nani atasimama kumsikiliza mtu anayepiga kelele katikati ya honi? Madereva wenyewe walipoona watu wanakimbia, wawili wao walisahau kwamba wao ndio waliokuwa wanapiga honi, wakawasha tena wakakimbia nao. Mngekuwapo mngecheka. Mimi mpaka leo sijacheka.

Mama Feza, aliyekuwa anauza mafuta ya mawese karibu na shule, aliangukia mtaroni akavunjika mguu. Duka moja lilikutwa wazi jioni halina kitu ndani, maana katika mji unaokimbia siku zote kuna wawili watatu wanaokimbia polepole. Watu walilala porini usiku ule na mvua. Asubuhi waliporudi na kuambiwa kwamba ilikuwa ni fizikia, hasira yao ilikuwa halali. Siwalaumu hata mmoja. Hakuna aliyekuwa amewaambia kitu. Msikitini hapakutangazwa neno, kanisani hapakutangazwa neno, chifu hakuwa na habari. Prefe hakuwa amefungua mdomo wake popote.

Wazazi walikuja shuleni wamejaa uani. Nikadhani sasa atasema. Alisimama kwenye ngazi, akasema ofisi yake haikupata taarifa yoyote, na kwamba waliohusika wataadhibiwa. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake, karibu kiasi cha kusikia anavyopumua. Niliita jina lake. Hakugeuka.

Kikaitishwa kikao cha nidhamu. Walikaa mezani prefe, walimu wawili wakubwa ambao siwataji kwa sababu watoto wao ni watu wema, na mjumbe wa wazazi. Nilisema yote. Nilisema nilimpa taarifa, mahali gani, alijibu nini. Prefe akasema mwalimu amechoka, amechanganyikiwa. Nikasema kama mnataka mtu wa kuadhibu, mtu ni mimi, somo ni langu, niandikieni barua leo hii. Ndipo alipotoa lile neno ambalo nikilala ninalisikia.

"Wewe hapana. Tukikutoa wewe, nani atafundisha fizikia? Wazazi wanataka mutu, na mwenye kupiga filimbi ni yule mutoto."

Alilisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayechagua kiti kipi kitolewe nje ili wengine wapite. Mwenzake mmoja akaongeza kwa kicheko kwamba hata jina lake lenyewe ni Mwavita, jina wanalopewa mabinti waliozaliwa wakati wa vita, basi ametuletea vita. Wakatabasamu. Nilipiga meza mpaka wino ukamwagika. Nikaambiwa nikae.

Mwavita aliletwa. Alikuwa na sare yake safi na filimbi bado shingoni, kwa sababu hakuna aliyefikiria kumwambia aivue. Walimuuliza kama ni yeye aliyepiga filimbi. Akasema ni yeye. Wakamuuliza kama anajua mama wa watu amevunjika mguu. Akasema alishakwenda kumpelekea Mama Feza maji na kuni, mara mbili, na akawauliza wao wamekwenda mara ngapi.

"Mulijua," akamwambia prefe. "Nilikuwa pale mulangoni. Mulisema tuwaachie ninyi."

Walimfukuza kabla jua halijafika juu ya bati. Sababu waliyoiandika ni kuvuruga amani ya wananchi. Maana yake asingeandikishwa mtihani wa serikali mwaka ule, na msichana wa Wamaza akikosa mwaka mmoja, watu wa nyumbani hawamrudishi shuleni, wanamtafutia mume. Kila mtu mezani pale alijua hilo. Mzee Saidi alikuja kumchukua kwa baiskeli. Hakunisalimia, na mimi nisingejisalimia.

Sikukaa kimya, jamani. Siku ya pili nilipanda pikipiki mpaka Kasongo kwa inspekta wa shule. Nilifika nimejaa udongo mpaka kwenye meno. Alinipa kiti, akanisikiliza vizuri sana, akafungua programu ya taifa ya fizikia, akatafuta ukurasa. Akasema mawingu ya gesi hayamo katika programu ya darasa la sita. Nikasema najua, ni mfano wa somo la mawimbi, ambalo limo. Akasema kwa kuwa somo halimo, basi kiserikali halikufundishwa. Na kwa kuwa halikufundishwa, msichana hawezi kusema alikuwa kwenye somo. Kwa hiyo alikuwa uwanjani anapiga filimbi tu. Alinieleza hivyo taratibu, kama mtu mwenye huruma, akanipigia hesabu ya ujinga hatua kwa hatua mpaka jibu likatoka. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi ya ofisi. Kuna hasira inayokufanya upige kelele na kuna nyingine inayokunyima hata mate ya kutema. Siku ile nilikuwa na ya pili.

Nikarudi Kabambare, nikaenda Wamaza kwa mguu sehemu ya mwisho maana mto ulikuwa umejaa. Nilikuta Mwavita ameshapelekwa Salamabila kwa shangazi yake. Njia ya kule ilikuwa imefungwa na watu wenye silaha. Nilituma salamu kwa wafanyabiashara waliokuwa wanapita, sijui kama hata moja ilifika. Mwaka uliofuata nilirudishwa Kasongo. Prefe yule alipanda cheo, akaenda kukaa mahali penye umeme, akafa kwa kifo cha kawaida kitandani mwake. Nilikwenda kwenye mazishi. Watu walisema maneno mazuri juu yake, na mimi nilisimama nyuma nimefunga mdomo, si kwa sababu ya subira, ila kwa sababu mjane wake hakunikosea.

Toka hapo niliendelea kufundisha mawimbi kila mwaka. Mawingu niliyafundisha ubaoni tu, duara na mishale. Darasa likinakili, mimi nikiangalia dirishani. Nilipofika pale pa kuuliza tunajuaje kama linaingia au linapasuka, nilitoa jibu haraka haraka na kupita. Mwalimu Sefu angefuta ubao wangu kila mara, na angekuwa sahihi.

Sasa nimestaafu. Muda mfupi baada ya ile sherehe yenu nilikwenda Salamabila kwa matanga ya shemeji yangu. Kabla hatujafika katikati ya mji mnyororo wa pikipiki ukakatika. Dereva akaisukuma mpaka kwenye kibanda cha mama mmoja anayeuza spea na kutengeneza. Nyuma ya meza iliyojaa plagi, taa na honi alikuwa amekaa mwanamke mwenye kitambaa kichwani, mikono imejaa grisi mpaka kwenye viwiko. Alinitazama kwa muda. Mimi macho yangu siku hizi si mazuri. Sauti ndiyo iliyonijulisha.

"Jambo, Mwalimu Ramazani."

Nilikaa kwenye tairi. Aliniletea maji, akauliza nyumbani, akauliza afya, akauliza watoto, kila kitu kama inavyotakiwa. Ana watoto wanne. Mume alikuwa mchimbaji, shimo lilimfunika. Kazi hii ya pikipiki alijifunza mwenyewe, anafungua injini na kuifunga. Nilianza kumwambia habari za prefe, kwamba amekufa, kwamba mimi nilikwenda mpaka kwa inspekta, kwamba nilimtafuta. Alinikatiza kwa mkono wenye grisi.

"Ile tuache, Mwalimu. Ile mutu akikumbuka sana haitengenezi pikipiki. Mimi niko na swali. Lile wingu. Tunajua namna gani kama linaingia ao linapasuka? Mulisema mutaeleza tukishakaa kwenye kivuli, na hatukukaa."

Pikipiki zilikuwa zinapita nyuma yangu, zinakwenda migodini na kurudi, honi fupi fupi. Watoto wanne, mume shimoni, na mwanamke huyu alikuwa amelibeba swali langu miaka yote hiyo.

Nikamweleza. Nilichukua kipande cha chuma mezani kwake, nikachora kwenye udongo. Nikasema kumbuka katikati ya wingu ni moto na pembeni ni baridi. Gesi ya mbele, ile iliyo upande wetu, inatuacha inakwenda ndani, na baridi yake imesimama kati yetu na ule moto. Inameza sauti ya wenzake wanaokwenda pamoja nayo. Kwa hiyo sauti ya wanaotuacha inatufikia imepungua. Lakini gesi ya nyuma inakuja kwetu, na baridi yake iko nyuma kabisa, haimzuii mtu. Moto uko mbele yake. Kwa hiyo sauti ya wanaokuja inatufikia na nguvu yake yote. Wingu likiwa linapasuka ni kinyume chake, wanaokwenda ndio wanasikika zaidi. Usisikilize tu kama kuna wanaokuja na wanaokwenda, maana siku zote wapo wote. Sikiliza ni upande gani una nguvu. Wanaokuja wakiwa na nguvu zaidi, linaingia, na kuna nyota inazaliwa ndani hata kama hakuna anayeiona.

Alitazama ile michoro kwenye udongo. Akaifuata kwa kidole, ya mbele, ya nyuma, ya katikati. Nilikuwa namwona anaielewa, kwa uso ule ule wa darasani, na hakuhitaji nirudie. Nilikuwa nimeongea kwa muda wa mtu kunywa maji yake na kurudisha kikombe.

"Ni hivyo tu?"

Nikasema ni hivyo tu.

Alifuta grisi mikononi, kidole kimoja kimoja, na nikaiona usoni mwake ile hasira isiyopiga kelele.

"Kumbe ilikuwa imebakia kidogo tu," akasema.

Akachukua nyundo, akarudi kwenye mnyororo, na hakuniangalia tena mpaka dereva alipowasha pikipiki.